Safari ya Uwanja wa Mkapa: thibitisheni hadi Jumapili

Habari za jioni wanakikundi, wazee wetu shikamooni.

Safari ya kwenda kuishangilia Taifa Stars imeiva. Jumamosi tarehe 2 Agosti 2025, saa 2 usiku, Stars wanafungua CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, dhidi ya Burkina Faso. Mashindano haya yanaandaliwa na nchi tatu, sisi, Kenya na Uganda, na mechi ya kwanza inachezwa kwetu, Dar es Salaam! Tena katika uwanja wenye jina la mzee wetu wa Lupaso, Masasi, hayati Rais Benjamin Mkapa. Kusini tusikose.

1. Kuondoka: Ijumaa tarehe 1, saa 12 kamili asubuhi, stendi ya Mtwara. Wa Lindi tutawapitia njia panda ya Mnazi Mmoja. Gari halitasubiri mtu, maana Daraja la Mkapa pale Rufiji nataka tulivuke mchana.

2. Mchango: 85,000 kwenda, kurudi na malazi Mbagala. Apelekewe mweka hazina. Tiketi na chakula kila mtu ajitegemee.

3. Uwanjani tufike saa 9 alasiri. Ni uwanja wa watu 60,000, na tukichelewa tutatawanyika majukwaani. Nataka tukae pamoja, sauti yetu isikike. Jezi ya Stars au nguo ya bluu. Mwenye ngoma aje nayo, tutauliza getini kama inaruhusiwa.

Kurudi ni Jumapili asubuhi.

Andika jina lako hapa chini na neno "NAENDA" kabla ya Jumapili tarehe 27 Julai, saa 12 jioni. Anayekuja na mtoto aseme pia, tupange viti.