Vichupa vyako na bilauri ya bibi

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.
Ijumaa, baada ya alasiri.

Somo yangu Mwanakombo,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Huku sote hatujambo, alhamdulillah, ila mama goti lake limeanza tena kumsumbua na unazijua ngazi za nyumba hii. Natumai huko Wete, Pemba, nyote ni wazima na bi mkubwa homa imemwachia. Mpigie goti kwa niaba yangu.

Barua yako nimeipata juzi kwa mkono wa yule kijana aliyeshuka na boti, pamoja na vile vichupa vitatu vya mafuta ya makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Kimoja nimempa mama kwa ajili ya goti. Viwili ninavyo hapa mezani, na chumba kizima kinanukia kama ghala la karafuu siku ya mvua.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kwa nini kila ukipiga picha vichupa vyako kwa flashi kinatoka kidoa cheupe katikati, na kivuli chako, na mlango wa nyuma yako. La pili, ile picha ya bilauri inayovunjika niliyokuonesha Idd iliyopita, imepigwaje. Nilitaka kukujibu kwa simu nikaona haitoshi. La pili halieleweki mpaka la kwanza likae sawa, kwa hiyo vumilia, barua ni ndefu.

Kioo, Mwanakombo, hakipokei mwanga kama kanga inavyoupokea. Kanga ukiimulika inautawanya mwanga kila upande, ndiyo maana popote utakaposimama unaiona rangi yake. Kioo kinauachia mwanga upite. Kila uso wake unarudisha kama asilimia 4 tu ya mwanga unaoupiga wima, na hicho kidogo kinarudi kama kwenye kioo cha kujitazamia. Sasa ukisimama na simu mbele ya kichupa ukawasha taa yake, kitakachokurudia ni ile taa yenyewe. Ndicho kidoa chako. Na ule mlango ni kweli umo, kwa sababu kichupa kimeuona. Mimi kosa hili nililifanya muda mrefu kuliko wewe. Unakumbuka tulivyokuwa tukisimama Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930, tukizitazama zile sura za watu wa zamani? Nilijifunza taa kwa kutazama nyuso: taa mbele, kidogo ubavuni, shavu moja linabaki na kivuli. Nikayachukua mazoea yale nikayapeleka kwenye chupa. Taa ya uso haina kazi kwenye chupa. Chupa hupangiwa vile vitu inavyoviona, yaani kilicho nyuma yake na kilicho ubavuni mwake, kisha wewe unapiga picha umbo ambalo vitu hivyo vimelichora.

Fanya hivi. Weka kichupa juu ya meza, mbali na ukuta. Nyuma yake simamisha fremu ya mbao uliyoitandaza bafta nyeupe, na nyuma ya bafta weka taa. Kinachohitajika ni bafta ienee kwenye picha tu, isizidi sana, na pembeni mwake kuwe giza. Pale katikati kichupa kitapitisha ule weupe. Kwenye kingo zake kioo kimepinda, na mpindo ule unaupeleka mwanga upande mwengine, hivyo kingo zinaliona lile giza la pembeni. Utaona kichupa kimezungushiwa mstari mweusi mwembamba, kama jicho lililotiwa wanja. Ukiisogeza bafta karibu, mstari unakonda. Ukiirudisha nyuma, unanenepa. Cheza na umbali huo tu, usiguse kitu chengine, mpaka mstari ukuridhishe.

Ukitaka kinyume chake, nyuma ya kichupa tundika nguo nyeusi (mimi natumia buibui la mama lililochakaa) na mwanga uutoe pembeni, kulia na kushoto, kwa nyuma kidogo, kupitia bafta. Hapo kichupa kitakuwa cheusi na kingo zake zitawaka kama uzi wa fedha. Ni picha nzuri mno kwa mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi, na kwa kioo kitupu, lakini haisamehe: kila alama ya kidole na kila chembe ya vumbi inaonekana kama nyota. Futa kwa spiriti na kitambaa laini, kisha kishike kichupa shingoni kwa kitambaa hichohicho, usikiguse tena kwa mkono.

Kwa biashara yako mimi nachagua ule wa kwanza, wa nguo nyeupe, kwa sababu mnunuzi anataka kuyaona mafuta. Na mafuta ya makonyo yana ile rangi ya asali ambayo gizani inageuka kahawia ya chai iliyolala. Ukishikilia ule mweusi, basi kata karatasi ngumu nyeupe kwa umbo la kichupa, ndogo kidogo kuliko chenyewe, uibandike nyuma yake pasipoonekana na kamera, uilaze kidogo iipokee taa ya ubavuni. Mafuta yatawaka kama yana taa ndani. Jana nimefanya hivyo kwa kimoja kati ya hivi viwili, nikamwita mama aje atazame, akaniuliza kama nimekiwekea mshumaa. Yote haya unaweza kuyafanya kwa simu, hata kwa mwanga wa dirisha, maana kichupa hakikimbii.

Bilauri ilikuwa inakimbia, na hapo ndipo flashi inapoingia.

Unazijua zile bilauri za marehemu bibi, zenye pete ya dhahabu chini, zilizokuwa zikikaa kidakani, kwenye kishubaka cha ukutani, na kuteremshwa siku za Idd tu. Zilikuwa sita, zikabaki tatu, na moja katika tatu ilikuwa na ufa kutoka mdomoni hadi nusu. Miaka imepita ile yenye ufa iko palepale. Mama alikuwa akisema hainyweki na haitupiki. Siku niliyomwomba niivunje kwa ajili ya picha nilidhani atanifukuza. Alinyamaza kidogo, akasema: bora ivunjike tukiwa tunaitazama kuliko siku moja niivunje mimi kwa ufagio. Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja. Mazoezi nikayafanya kwa gilasi za sokoni Darajani.

Watu wengi hudhani kitu cha mbio kinakamatwa na shata, lile pazia la ndani ya kamera. Fikiri: gilasi ikianguka kutoka mita 1 inafika chini ikiwa na kasi ya zaidi ya mita 4 kwa sekunde, na vipande vinaporuka hesabu mita 5. Shata ya kawaida inayokubaliana na flashi ni kama 1/250 ya sekunde. Katika muda huo kipande kimekwenda sentimita 2, na kwenye picha ni ukungu mtupu. Ziko kamera zinazoiruhusu flashi iendelee hata shata ikipita kasi hiyo, lakini hapo flashi inapepesa mfululizo kwa muda mrefu zaidi, na ule ukali wake wa kukata umekwisha.

Mbio ziko ndani ya flashi yenyewe. Flashi ndogo ya kupachika juu ya kamera, ukiiweka nguvu zote, mwako wake unachukua kama 1/1,000 ya sekunde. Ukiishusha hadi 1/64 au 1/128 ya nguvu zake, inaanza kuwaka kwa ukali uleule ila inakatwa mapema, na mwako unafupika hadi kiasi cha 1/20,000 ya sekunde, na nyengine hufupika zaidi. Kipande kilichokuwa kikienda sentimita 2 sasa kinakwenda robo ya milimita. Kwa hiyo unazima kila taa, unafunga madirisha, unaifungua shata ikae wazi sekunde 2, na kamera haioni kitu mpaka flashi ipige. Nyumba hii ya mawe, kuta zake nene na mbao zake za dirisha, giza lake la usiku ni la kaburini. Sijapata studio bora kuliko hapa.

Kabla ya kulijua hilo nilipoteza fedha. Nilikodi flashi kubwa ya studio kwa mtu mmoja wa hapa mjini, akanihakikishia kuwa inagandisha kila kitu. Nikaishusha nguvu kama nilivyokuwa nikifanya kwa ile ndogo, nikavunja gilasi nne, zote zikatoka na mikia. Niliumia sana, maana nilizihesabu siku za kazi zilizokwenda na zile gilasi. Baadaye ndipo nilipofahamu kuwa nyingi ya flashi kubwa za zamani hupunguza nguvu kwa kupunguza chaji, wala hazikati mwako, kwa hiyo kadiri unavyoishusha ndivyo mwako unavyorefuka. Kinyume kabisa cha ile ndogo. Nikarudi kwa ndogo mbili, na kwa kuwa kila moja kwa nguvu ile ni dhaifu, nikazisogeza karibu, nusu mita tu kutoka kwenye bilauri. Ukitaka mwanga zaidi ongeza flashi nyengine, usiongeze nguvu.

Nani sasa wa kuifyatua? Mkono wa mtu hauwezi, mpaka ubongo usikie na kidole kishuke vipande vimeshatawanyika sakafuni. Fundi redio mmoja alinitengenezea kidude cha kusikia, chenye kipaza sauti kidogo kama punje ya kunde. Kikisikia mlio, kinawasha flashi. Na hapa kuna jambo ninalolipenda kuliko yote. Sauti hewani inakwenda kama sentimita 34 katika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo ukitaka flashi ichelewe kidogo, huhitaji mtambo wowote, unakirudisha nyuma kile kidude. Sentimita 34 nyuma, vipande vimefunguka zaidi. Nilipima kwa futi ya cherehani, sakafuni, usiku wa manane.

Taabu ilikuwa kelele. Vespa ikipita uchochoroni, flashi inapiga. Mdogo wangu Seif alikuwa akiikata kwa mkasi kamba iliyoining'iniza gilasi, na ule mlio wa mkasi nao ukaipiga flashi, tukapata picha safi ya gilasi iliyo nzima hewani. Ilibidi nikipunguze masikio kile kidude na Seif atumie wembe.

Usiku wa bilauri tulisubiri mpaka saa nane. Chini palikuwa na kipande cha marumaru juu ya turubai, nyuma buibui, ubavuni bafta mbili. Bilauri niliijaza sharbati ya waridi nusu. Sote tulivaa miwani ya fundi chuma na viatu vilivyofunika vidole, na watoto tuliwapeleka kwa ami. Usije ukalifanya jambo hili peku. Mama akakaa kitini mlangoni. Nikafungua shata, nikasema bismillahi, Seif akakata.

Mwanga ulikuwa mfupi hata sikuona kitu, niliona weupe tu. Kisha mlio wa vipande, kisha kimya, kisha harufu ya waridi.

Kwenye picha, kitako cha bilauri kimesimama kizima na pete yake ya dhahabu. Juu yake vipande vimetengana kama petali, kila kimoja kina uzi wa mwanga ukingoni. Na katikati sharbati bado imeshika umbo la bilauri. Kioo kimeshaondoka, lakini ile nyekundu haijapata muda wa kuanguka, imesimama mviringo, hata ule upana wa juu na wembamba wa chini unauona. Mama aliitazama muda mrefu, akaweka kidole juu ya ile nyekundu, akasema, hii ndiyo bilauri.

Utajiuliza pia kwa nini ule mpasuko wenyewe hauonekani ukienda. Hauwezi kuonekana kwa vyombo vyangu. Ufa ndani ya kioo hukimbia kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo bilauri yote imekwisha kupasuka kabla sauti haijatoka hata kiganja kimoja kuelekea kwenye kidude changu. Flashi yangu nayo, kwa ule muda wake mfupi, ufa unakwenda sentimita 7 na nusu. Mmoja wa walioukamata ni Harold Edgerton wa chuo cha MIT kule Marekani, yule wa picha ya tone la maziwa la 1957 na tufaha lililopitwa na risasi la 1964. Flashi zake zilifika sehemu moja ya milioni ya sekunde, na hapo ufa unakwenda milimita moja na nusu tu. Nikipata uwezo, hicho ndicho chombo nitakachokitafuta kabla ya kamera mpya.

Nakutumia bafta mikono minne, na kipande cha buibui, vimo ndani ya mfuko mmoja na picha. Na wewe nitumie vichupa viwili ambavyo hujavibandika karatasi, maana gundi ya hizi imeacha mabaki na nimesugua mpaka kucha zinauma. Safari hii viandikie jina la mama juu ya kifurushi, si langu, kile kimoja amekimaliza na anauliza kengine kila saa.

Boti inaondoka kesho asubuhi na Seif yuko mlangoni anasubiri bahasha.

Wasalaam,
akupendaye,
Zuwena