Risala ya Wapenzi wa Nyota wa Mombasa kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu na walimu wa shule hii mliotupa uwanja wenu,
Wazee wetu, wazazi na wanafunzi,
Wanachama wenzetu mliotoka Likoni, Changamwe, Kisauni, Mji wa Kale na hata Mtwapa,

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote.

Mheshimiwa, karibu sana katika mkesha wetu wa kutazama nyota. Tunaisoma risala hii mapema, mwanga wa magharibi ukiwa bado upo, kwa sababu giza likishakolea tungependa macho yako yawe juu, si kwetu.

Kikundi chetu ni cha watu ambao kazi zao haziwakutanishi. Yumo bawabu wa ghala kule Shimanzi, yumo muuguzi, dereva wa tuktuk, mwalimu wa madrasa, fundi seremala, mama anayeuza viazi karai Kongowea, wanafunzi wa chuo, na baharia mstaafu ambaye sote twamwita Nahodha. Tulijuana kwa simu. Mmoja wetu alipiga picha ya nuru kali iliyokuwa magharibi baada ya jua kutua, akaituma kwa jamaa zake akiuliza ni taa ya ndege au ni nini. Picha ikapita mkono hata mkono mpaka ikamfikia mtu asiyemjua, akajibu kuwa hiyo ni sayari ya Zuhura, na kwamba akisubiri wiki chache ataiona imesogea. Maswali yakafuata maswali, likaundwa kundi la WhatsApp, na kwa muda mrefu tukajuana kwa picha ndogo na majina ya utani tu. Wapo waliobishana kwa miezi kuhusu pete za sayari ya Zohali kabla hawajapeana mkono.

Tuna kanuni chache na tunazishika. Siasa haiingii kundini. Swali la mtu halichekwi, hata akiuliza kwa nini mwezi haudondoki; naam, hilo ni mojawapo ya maswali bora tuliyowahi kuulizwa, na lilitufanya tukae baraza mpaka usiku mkuu. Na mwenye darubini hatazami kwanza. Akishaielekeza na kuinyoosha, anarudi nyuma, anampisha mgeni. Kanuni hii ya tatu ndiyo iliyotufanya tuwe ndugu. Ukimwona mtu aliyeibeba darubini yake kutoka Changamwe, akavuka nayo mji mzima ndani ya matatu, kisha akasimama wa mwisho kwenye foleni ya kuitazamia, humwiti tena rafiki wa simuni.

Darubini yetu kubwa, ile unayoiona pale karibu na mwembe, kimeagizwa kioo chake tu. Mengine yametengenezwa hapa hapa Mombasa. Sanduku lake ni plaiwudi iliyokatwa na fundi wetu seremala, kwa mtindo uliosambazwa duniani na John Dobson, mtu wa San Francisco, aliyetaka mtu wa kawaida aweze kujiundia darubini kubwa kwa vitu vya bei nafuu. Mwaka 1968 yeye na wenzake walianzisha desturi ya kuweka darubini kando ya barabara ili wapita njia watazame. Sisi tunaifuata desturi hiyo, na hatujamtoza mtu hata shilingi moja kutazama. Namna ya kuoanisha vioo tulifundishwa kwa subira kubwa na wapenzi wa nyota wa nchi nyingine ambao hatutarajii kuwaona maishani, waliotutumia michoro na kututazamia picha zetu usiku baada ya usiku. Tunawashukuru mbele yako.

Kazi ngumu ni kuitunza. Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, na lenzi ikiachwa kabatini masika yote huota kuvu ndani, ikawa haifai tena. Kwa hiyo wanachama wetu hukusanya vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotiwa kwenye masanduku ya viatu. Mama wa viazi karai ana ndugu mwenye duka la viatu Marikiti, na yeye ndiye ghala letu. Upepo wa kusi nao huitikisa darubini hata nyota ikawa inacheza kwenye jicho. Ndiyo maana mikesha mikubwa kama huu tunaifanya msimu wa upepo wa kaskazi, anga likiwa jeupe na bahari imetulia.

Mheshimiwa, usidhani tunafanya jambo geni lililoletwa na vifaa. Wazee wa Pwani hii waliziishi nyota. Nahodha wetu hana darubini, wala hajataka kununua. Yeye hutufundisha maji. Alitueleza kwa nini bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa kuwa hapo jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na kwa nini mwezi ukiwa nusu, kama ulivyo leo, maji huwa mafu, hayapandi wala kushuka sana. Katika bamvua kubwa maji ya Kilindini hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na mvuvi asiyelijua hilo huacha chombo chake kimelala matopeni. Alitueleza pia kwamba sisi tulio nyuzi 4 kusini mwa ikweta hatuioni Nyota ya Kaskazini ambayo wanamaji wa nchi za kaskazini huitegemea, na jinsi jahazi likielekea Arabuni linavyofika mahali ile nyota inachomoza kutoka majini na kupanda kidogo kidogo kila usiku. Kwa kuipima urefu wake wakajua wamefika wapi. Vijana wetu wa chuo walikuwa wameyasoma hayo kwa hesabu. Walipoyasikia kwa mtu aliyeyategemea maisha yake, walinyamaza wote.

Ni yeye pia aliyetukumbusha usemi wa wakulima na wanamaji, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilimia ni kile kishada kidogo cha nyota utakachokiona leo juu. Kila mwaka, karibu na Mei, humezwa na mwanga wa jua la jioni, kisha Juni huonekana upya alfajiri.

Mwalimu wetu wa madrasa naye ana somo lake ambalo sasa shule kadhaa zimeanza kuliomba. Mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 28 Mei na tena karibu na tarehe 16 Julai, jua hupita wima juu ya Kaaba. Saa za Makka na saa zetu ni moja, kwa hivyo hakuna hesabu ya kufanya. Tarehe ile ya Mei, ikifika saa sita na dakika 18 mchana, na ile ya Julai saa sita na dakika 27, kijiti kilichosimamishwa wima uwanjani hutupa kivuli, na ukielekea kinyume cha kivuli hicho umeelekea kibla. Watoto huja na vijiti vyao na chaki. Tumeona wazazi wakitoka humo wameshika mikono ya watoto wao na kuuliza tutafanya lini tena.

Ruhusu sasa tuseme kidogo juu ya usiku wa tarehe 7 Septemba 2025. Mwezi ulipatwa, nasi tulikuwa kwenye bustani ya ufuoni ya Mama Ngina na kila kifaa tulichonacho. Kivuli cha dunia kilianza kuumega saa moja na dakika 27. Kufikia saa mbili na nusu ulikuwa umefunikwa wote, mwekundu, ukabaki hivyo hadi dakika nane kabla ya saa nne. Watu waliokuja kupunga upepo na kula mihogo walijikuta kwenye foleni yetu, na kila mtu aliuliza lile lile: kwa nini mwekundu? Tukaeleza kuwa mwanga wa jua hupenya kando kando ya hewa ya dunia, rangi ya buluu ikatawanyika njiani, na nyekundu ikaupata mwezi, kama ile ile ya machweo. Katikati ya hayo mwalimu wetu alikimu swala ya kupatwa kwa mwezi, Waislamu wakasimama safu kwenye nyasi. Wenzetu Wakristo walibaki wakizilinda darubini, wakiendelea kuzisogeza taratibu ili mwezi usitoke kwenye lenzi. Swala ilipokwisha, kila aliyekuwa kwenye foleni alirudishiwa nafasi yake. Hakuna aliyepanga jambo hilo mapema, wala hakuna aliyelazimika kuliomba.

Na nje ya nyota pia tunashikana. Dereva wetu wa tuktuk alipolazwa, kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha linalotazama magharibi. Muuguzi wetu alitupigia picha ya dirisha lile, vijana wa chuo wakapiga hesabu, na kila jioni alipata ujumbe wa kumwambia kitu gani kitapita pale, saa ngapi, na kama kitakuwa juu au chini ya ukingo wa jengo la jirani. Wengine walichangia malipo ya tuktuk yake isichukuliwe. Leo yupo hapa, na ndiye atakayeongoza foleni ya wanafunzi.

Lipo jambo linalotuuma. Pwani hii yetu, huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ndiko kulikokuwa na jukwaa la kurushia roketi la San Marco lililosimama baharini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, kilirushwa kutoka pale chombo cha angani kilichopewa jina Uhuru. Kilikuwa cha kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza anga kwa miale ya eksirei, na vipimo vyake vilisaidia wataalamu kuitambua Cygnus X-1, chanzo kikali cha miale hiyo angani, kuwa huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hautoki. Mahali palichaguliwa kwa kuwa karibu na ikweta dunia huzunguka kwa kasi zaidi, ikairahisishia roketi kazi. Tumewauliza wanafunzi wengi wa Mombasa, na wachache mno walikuwa na habari. Mtoto wa hapa anafahamu roketi za Marekani kwa majina, lakini hii iliyopaa kutoka kwenye maji anayoogelea hajasimuliwa. Sisi tunaliona hilo kuwa pengo kubwa.

Mheshimiwa, tuna maombi matatu.

La kwanza ni taa. Kutoka kisiwani leo Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota nyingi unaokatiza anga, haionekani, ingawa ukienda Shimba Hills usiku usio na mwezi huoneka wazi. Hatuombi mji uwe gizani. Mama anayerudi kutoka feri usiku anahitaji mwanga, na sisi ni watoto wake. Tunaomba taa zinapobadilishwa ziwekwe zenye kofia, zimulike barabara badala ya mawingu, na zile za ufuoni zielekezwe mbali na bahari. Faida si yetu peke yetu. Vifaranga vya kasa wanapototolewa hufuata mwanga wakidhani ndiko baharini, na taa za ufuoni huwapeleka nchi kavu wakafa.

La pili lina tarehe. Jumatatu ya 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Kule Luxor, Misri, litafunikwa lote kwa zaidi ya dakika 6, na kivuli cha mwezi kitapita hadi Yemen na Somalia. Hapa Mombasa litafunikwa sehemu tu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe, maana sehemu inayobaki inatosha kuchoma jicho bila maumivu yoyote ya kumwonya mtoto. Miwani ya kawaida ya jua haimkingi, wala kioo kilichopakwa masizi. Tunaomba ofisi yako itusaidie kupata mapema miwani ya kutazamia jua yenye kiwango cha kimataifa cha ISO 12312-2 kwa shule za kaunti, nasi tutajitolea kuzizungukia shule hizo na kufundisha. Wanachama wetu wamekwisha kugawana mitaa.

La tatu ni darubini moja, ndogo, ikae katika maktaba ya shule hii na iazimwe kama vitabu vinavyoazimwa. Fundi wetu amejitolea sanduku na ufundi bure. Kinachotakiwa ni kioo na lenzi.

Tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wa watu usiowajua. Tunawashukuru akina mama waliopika mahamri, na mzee wa kahawa tungu ambaye amezima taa yake ya karabai bila kuombwa.

Ratiba ya usiku ni hii. Tutaanza na mwezi, kwenye ule mstari wa mwanga na giza ambapo vivuli vya milima huonekana vizuri. Kisha Kilimia, kisha sayari ya Mushtara upande wa mashariki, pamoja na miezi yake minne ambayo mwanafalaki Galileo aliiona mwaka 1610. Kwa kuwa kanuni yetu ni wageni na watoto kwanza, tumekuwekea nafasi katikati ya wanafunzi wa darasa la sita, upande wa mwembe. Tafadhali usiiguse darubini, inama tu na uweke jicho karibu na lenzi.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa kikundi cha wapenzi wa nyota, Mombasa.