Kona za ndege vita sio injini peke yake

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya ndege vita na nimefurahi sana, maana vijana wengi wanazifuatilia hizi ndege kwenye simu na hawapati mtu wa kuwaeleza kwa Kiswahili. Ila mmeandika kwamba ndege inapinduka na kukata kona vile kwa sababu ina injini kubwa na kasi kubwa, basi, mkaishia hapo. Hapo napinga kabisa, tena kwa sababu wanafunzi wa fizikia wanasoma gazeti lenu.

Kasi ndo adui wa kona. Ndege mbili zikipinda kwa mkazo uleule wa g (g 1 ni uzito wako wa kawaida, g 2 ni mara mbili yake), yenye kasi mara 2 inachora duara lenye upana mara 4. Angalia MiG-25 ya Warusi, ilikaribia mara 3 ya kasi ya sauti na injini zake zilikuwa balaa, lakini kwenye kona mwisho wake ni kama g 4 na nusu hivi, na ikijaa mafuta hata hapo haifiki. Alafu kule Vietnam Wamarekani walikuwa na Phantom inayopita mara 2 ya kasi ya sauti, wakasumbuliwa kweli na MiG-17, ndege ya zamani ambayo ikienda usawa haivuki hata hiyo kasi ya sauti, kisa ni nyepesi na bawa lake ni kubwa ukilinganisha na uzito wake. Aliyekaa chini akayapigia hesabu haya mambo ni rubani John Boyd akisaidiana na mwanahesabu Thomas Christie, na kwenye fikra hizo ndo ikazaliwa ndege vita ya Wamarekani F-16, iliyoruka mara ya kwanza 1974.

Na hii F-16 ndo mngeanza nayo. Ndege za zamani ziliundwa zitulie, ukiipinda inataka kujirudisha yenyewe, jambo zuri kwa abiria lakini kwenye vita ndege inakubishia kila ukitaka kuigeuza. Waundaji wa F-16 wakasogeza uzito nyuma makusudi ili isitulie, pua iwe tayari kwenda popote muda wowote. Sasa hakuna rubani anayeweza kuishika ndege ya hivyo kwa mikono yake, kwa hiyo joistiki inapeleka umeme kwenye kompyuta na kompyuta ndo inachezesha mkia na mabawa bila kupumzika, ni kama mama aliyejitwisha ndoo ya maji, shingo inarekebisha njia nzima wala hafikirii. Ile X-29 ya majaribio yenye mabawa yaliyoelekea mbele, iliyoruka 1984, kompyuta zake zilikuwa zinarekebisha mpaka mara 40 kwa sekunde moja!

Bawa nalo mmelisahau. Pale linapoungana na mwili kwa mbele kuna ukingo mrefu mwembamba, pua ikiinuka sana ule ukingo unasuka kisulisuli cha hewa kinachopita juu ya bawa na kuizuia hewa isibanduke mapema. Siku ya unyevu unaona ukungu mweupe mgongoni mwa ndege, basi hapo ndo unakiona hicho kisulisuli.

Alafu mwili wa rubani, hamjaugusa kabisa. Kwenye g 9 mtu wa kilo 80 anakuwa kama kilo 720, damu inakimbilia miguuni, macho yanapoteza rangi, yanabaki kuona katikati tu, akichelewa anazimia. Ndo maana anavaa suruali inayojaa hewa na kumbana mapaja na tumbo, anakaza misuli, anapumua kwa kukatakata, na kiti cha F-16 kimelazwa nyuzi 30. Makombora yasiyo na mtu ndani yanakata kona za g 30 na zaidi, kwa hiyo anayeizuia ndege isikate kona kali zaidi mara nyingi ni yule aliyekaa ndani.

Injini siikatai, ndo inarudisha kasi uliyoipoteza kwenye kona, na F-22 ya Wamarekani midomo ya injini zake, yaani matundu ya nyuma yanayotoa moto, inageuka nyuzi 20 juu na chini, inasaidia sana. Lakini mmesema Cobra, ule mchezo wa kuinua pua ghafla angani, haiwezekani bila midomo inayogeuka, na hilo sio kweli. Rubani Mrusi Viktor Pugachev aliionyesha Paris 1989 kwa ndege ya Su-27 ambayo midomo yake haigeuki, pua ikainuka mpaka ikapita wima, ndege ikawa inasonga mbele tumbo likiwa limetangulia, kisha ikalala tena ikaendelea na safari. Na Su-30MK2 za Uganda mlizozitolea mfano hazina midomo hiyo, mnaichanganya na Su-30MKI ya India. Naomba mlirekebishe hilo toleo lijalo, na hiyo sehemu ya kompyuta muiandikie makala yake peke yake, tutaisoma.

Msomaji wenu,
Morogoro