Mhariri, tuandikieni basi na ufundi wa Faye Wong

Ndugu Mhariri,

Salaam kwako na kwa wote mnaoandaa kurasa za burudani. Naandika kuhusu mwimbaji wa China anaitwa Wang Fei, wengi tunamjua kwa jina la Faye Wong, maana kila nikikuta kaandikwa mahali habari ni zilezile, kaolewa na nani kaachana na nani karudiana na nani, magazeti ya Hong Kong nayo yalimwandama hivohivo tangu miaka ya 90. Jamani yule dada ni fundi, na ufundi wake ndo kitu cha kusimuliwa.

Alizaliwa Beijing 1969, akahamia Hong Kong 1987, kampuni ya muziki ikampa jina la Shirley Wong ili auzike na akawa anaimba Kikantoni, Kichina cha Hong Kong, ambacho wala si lugha aliyokulia. 1991 akaacha kuimba kwa muda akaenda zake New York, kurudi 1992 akaachia albamu ya Coming Home na humo ndo kuna wimbo uliompaisha, melodi yake ni ya Mjapani Miyuki Nakajima. Sasa kuna watu wanamdharau msanii anayerudia nyimbo za wenzake, ila mi kwa Faye naona ile ndo ilikuwa shule. Angalia 1994, anaimba Dreams ya Cranberries, bendi ya Ireland, kwa Kikantoni na inasikika kwenye filamu ya Chungking Express ambayo mwenyewe kaigiza, mwaka huohuo anachukua nyimbo mbili za Cocteau Twins, bendi ya Scotland, anaziweka kwenye albamu yake ya Random Thoughts. Ukizisikiliza kwa mpangilio unasikia kabisa mtu anaacha kukaza sauti, anaiachia ielee juu ya magitaa. Na haikuishia kuazima tu, baadae Cocteau Twins wenyewe wakamwandikia nyimbo, halafu na yeye akaimba nao kwenye toleo la Asia la albamu yao ya Milk and Kisses ya 1996. Yaani alianza kama shabiki wao akaishia kuwa mwenzao studio!

Hapo ndo tunafika kwenye Fuzao, ya 1996 hiyohiyo, albamu ninayoipenda kuliko zote. Kuelewa uzito wake inabidi ujue muziki wa kule ulivyokuwa unatengenezwa. Hong Kong kawaida melodi inatangulia, mwandishi wa mashairi anakuja baadae kujaza maneno, na Kikantoni ni lugha ambayo sauti ikipanda au ikishuka neno linageuka kuwa lingine, kwa hiyo mwandishi anabanwa na melodi kila silabi. Lin Xi ambaye kamwandikia Faye mashairi mengi sana ni bingwa wa kazi hiyo na mi namheshimu mno. Lakini kwenye Fuzao Faye akaimba Kimandarini, Kichina cha kwao Beijing, nyimbo nyingi akatunga mwenyewe, melodi na maneno, akafanya kazi na wanamuziki wa China Dou Wei na Zhang Yadong, na Cocteau Twins wakatoa nyimbo mbili. Wimbo uliobeba jina la albamu una mistari michache tu kisha anaendelea na silabi zisizo na maana yoyote, na mi nakwambia pale ndo anaimba kuliko kawaida, sauti inakuwa chombo kama gitaa au kinanda, haikuelezi kitu ila unakipata. Mimi Kichina sijui na sijawahi kujiona nimeachwa nje ya wimbo ule.

Mashabiki wa Hong Kong na Taiwan waliozoea zile nyimbo zake laini za mapenzi hawakuipokea kwa shangwe kama za nyuma. Na yeye alikuwa staa mkubwa kabisa wakati huo, angeweza kutoa albamu ya kawaida ikauza tu bila shida, akachagua hii. Kwangu hapo ndo penye heshima yake yote. 1999 akaimba Eyes on Me ya mtunzi wa Kijapani Nobuo Uematsu kwa ajili ya gemu la Final Fantasy VIII na wengi wakamjua kupitia hiyo, nzuri pia, ila anayeishia hapo hajamsikia Faye bado.

Albamu yake ya mwisho ya studio ni ya 2003 na tangu hapo anaimba akipenda, wimbo mmoja mmoja, au tamasha kama lile la Shanghai Desemba 2016, na jukwaani haongei sana, anaimba anashukuru basi.

Kwa hiyo Mhariri naomba siku mkimwandika tena, au msanii yeyote wa Asia, mtuwekee nani katunga, nani kapiga, albamu ipi ilitangulia ipi. Anayetaka kuanza aanze na Random Thoughts kisha aende Fuzao bila kurukaruka nyimbo, na avae spika za masikioni maana kwenye Fuzao kuna sauti zake zilizopangwa moja nyuma ya nyingine ambazo kwenye simu tupu hazisikiki.

Msomaji wenu, shabiki wa Faye.