Mchele wetu uwe na sura moja

Habari za asubuhi, mama zangu na kaka zangu. Jana nilipita soko la Mwanjelwa, Mbeya, nikakuta mifuko yetu mitatu kwenye meza moja: mmoja una lebo ya kijani, wa pili ya bluu, wa tatu umeandikwa kwa kalamu na wino umeshafutika nusu. Mteja akauliza, "Hii ni ya watu tofauti?" Iliniuma, maana mchele ni uleule, tumeupepeta wenyewe.

Neno "Kyela", wilaya inayosifika kwa mchele, pekee halitutoshi. Kila muuzaji analiandika, hata wanaochanganya mchele. Tuwe na jina letu, rangi moja, nembo moja, kuanzia mfuko wa kilo moja hadi picha ya WhatsApp. Na kilo iwe kilo kweli. Mteja akishapunjwa, lebo nzuri haimrudishi.

Halafu, kusajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakulindi nembo. Alama ya biashara inasajiliwa peke yake: kinga ya kwanza ni miaka 7, kisha inahuishwa kila miaka 10.

Jumamosi saa nane mchana, palepale ghalani, kila mmoja aje na mfuko wake mtupu. Dada uliyechora suke la mpunga, usiuache mchoro nyumbani tafadhali.