Begi la kambi apange mtoto mwenyewe

Mhariri, naomba kanafasi kwenye safu yako ya barua niongee na wazazi wenzangu ambao likizo hii wanapeleka watoto kwenye kambi za nje, zile za kulala kwenye mahema na kushinda porini. Mimi huwa najitolea upande wa mapokezi, na kazi ya mapokezi ni kuona mabegi, ukishayaona ya kutosha unajua kabisa hili kapanga mama, hili kapanga baba, hili kapanga mtoto mwenyewe. Watu wanadhani shida ni vitu kusahaulika. Wala! Vitu vipo, tena vimezidi, ila mwenye begi hajui kilichomo.

Mtoto anafika na begi limepangwa kama kabati la dukani, nguo zimepigwa pasi (pasi, kwenye hema!), ukimuuliza koti lako la mvua liko wapi anabaki kukuangalia tu. Mvua ikinyesha analowa huku koti limelala chini kabisa halijawahi kuguswa. Soksi ndo usiseme, pea kibao safi zimefungwa kwenye kimfuko cha pembeni ambacho hajui kama kipo, yeye anarudia ileile mbichi kila siku mpaka anatoka malengelenge, alafu siku ya kuchukuliwa mzazi anashangaa, "mbona nilimuwekea?" Ndio, uliweka, ila uliweka wewe.

Kwa hiyo ombi langu ni moja, begi apange mtoto. Siku kadhaa kabla ya safari mwageni kila kitu sakafuni, mpe ile listi ya kambi aisome mwenyewe, kila anachoingiza anakitiki, wewe kaa pembeni uwe unauliza maswali tu, hii ya nini, hii utaivaa saa ngapi, ukitaka tochi usiku gizani utaipapasa wapi. Slipingi begi, ule mfuko wa kulalia, aifungue na kuirudisha kwenye mfuko wake yeye mwenyewe, maana kuirudisha ndo kazi, hata watu wazima inawatoa jasho. Tochi ya kuvaa kichwani ni nzuri kuliko ya mkononi kwa sababu mikono inabaki huru, hasa usiku wa kwenda chooni, na betri za akiba ziwepo. Nguo za kila siku zifungwe pamoja, fulana, chupi na soksi kwenye kifurushi kimoja kisichopitisha maji, asubuhi anachomoa kifurushi kimoja basi, hapekui begi zima. Akimaliza avae begi azunguke nalo nyumbani. Kwa mabegi ya shule madaktari wa watoto wanashauri uzito usizidi kati ya asilimia 10 na 20 ya uzito wa mtoto, yani mwenye kilo 30 asibebe zaidi ya kilo 3 hadi 6, na mimi naona hata kwa kibegi cha kutembea nacho porini kipimo hicho kinafaa. Likimshinda apunguze yeye, utashangaa anavyojua kuchagua.

Sasa kuna vitu mtoto hawezi kujua na hapo ndo mzazi uingie. Cha kwanza pamba. Wengi tunaamini nguo ya pamba ndo nguo ya mtoto, na kwa jua kavu sina neno, lakini pamba ikilowa inashika maji, inachelewa kukauka na inanyonya joto la mwili, kwa hiyo usiku wa baridi au kwenye mvua inamtesa mtoto. Soksi za polista na sweta la flisi (kile kitambaa laini chenye manyoya manyoya) zinakauka haraka, na soksi za sufu hata zikiwa na unyevu bado zinatunza joto. Suruali ya jinzi iacheni nyumbani, ikilowa ni mzigo mzito na kukauka kwake ni majaliwa. Na awe na seti moja ya nguo kavu ya kulalia tu, haivaliwi mchana hata kwa bahati mbaya.

Viatu vipya. Jamani. Msimnunulie mtoto buti wiki ya safari, avizoee kwanza nyumbani wiki mbili tatu mguu na kiatu vijuane. Bora raba kuukuu inayomkaa vizuri kuliko buti la gharama linalomchuna kisigino, na awe na pea ya pili maana ya kwanza italowa tu.

Jua na wadudu navyo vinachanganya watu. Losheni ya kuzuia jua iwe SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, ipakwe kila baada ya saa mbili na kila akitoka kwenye maji. Dawa ya mbu na kupe inapakwa juu yake baadaye, losheni ikishatulia. Kama dawa ina DEET, kemikali ya kufukuza wadudu, kwa watoto kiwango kisizidi asilimia 30, na ile mbili kwa moja yenye losheni na dawa pamoja mi siipendi, kwa sababu losheni inatakiwa kurudiwa mara nyingi na dawa ya wadudu haitakiwi kurudiwa hivyo. Mfundishe kujipaka mbele yako, nyuma ya masikio, shingoni, juu ya miguu, maana kule hakuna wa kumpaka kila mara. Suruali ndefu ichomekwe ndani ya soksi akipita kwenye majani marefu, haipendezi lakini kupe hapandi kirahisi.

Dawa za hospitali hazikai kwenye begi la mtoto, mkabidhi nesi wa kambi mkononi, ziwe kwenye chupa au pakiti yake yenye jina na dozi, sio vidonge vimechanganywa kwenye kikopo. Ila kama anatumia pampu ya pumu au sindano ya epinefrini kwa ajili ya aleji kali, ongea na nesi kabla, hizo ziwe karibu naye muda wote, sio zimefungiwa kwenye kabati la ofisini. Jina andika kwa maka peni kwenye kila kitu, hadi taulo na chupa ya maji. Biskuti na pipi msifiche kwenye begi, siafu na panya wanazipata kabla ya mwenyewe.

Na simu, kama kambi imekataa simu basi usimfichie ya pili, tunaziona. Mtoto kukumbuka nyumbani ni kawaida, mpe karatasi na kalamu aandike barua, au kitu kidogo cha kwake cha kulala nacho, ila usimwahidi "usipopenda nitakuja kukuchukua", maana hapo ushamwambia hata wewe huamini kama ataweza, na usiku wa kwanza tu ataidai hiyo ahadi.

Waandaaji wa kambi na nyie msijifiche nyuma ya wazazi. Listi inatumwa jioni ya kuamkia safari, ina mistari mingi hujui kipi lazima kipi hiari, haisemi usiku kutakuwa na baridi kiasi gani wala kama watoto watatembea na mabegi au yatapakiwa kwenye gari. Itumeni mapema, iandikwe kwa lugha ambayo mtoto wa miaka tisa anaisoma bila msaada, na vitu visivyotakiwa muviandike juu kabisa.

Mzazi na mjitoleaji wa kambi