Msimu wa watalii ukikatika, na bima yakatika

Ndugu Mhariri,

Sisi wa hoteli za Malindi mwaka wetu hautimii miezi 12. Pasaka ikipita na kusi kuanza kuvuma, magodoro husimamishwa ukutani, nasi twaambiwa tuonane Julai.

Mwaka huu nilipewa barua mwisho wa Aprili. Ilitaja sare mbili, ufunguo wa kabati na siku zangu za likizo. Bima ya afya haikutajwa. Nilikuja kujua Juni, mama watoto alipokwenda kliniki na mimba ya miezi saba. Karani akaingiza nambari ya kitambulisho, akaitazama skrini, akamwambia kwa upole, "Dada, hapa yaonyesha haijalipiwa." Picha ya tumbo tukailipa taslimu, pesa ya unga.

Tangu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, ichukue nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF Oktoba 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Mimi kwa shilingi 24,000 nilikatwa 660 kwa mwezi, wala sikuzihisi. Ukitoka kazini waingia kundi la wasio na mshahara. Huko huulizwa paa lako ni la nini na ukuta ni wa nini, ukapangiwa kiwango, kisha ukatakiwa mchango wa mwaka mzima kwa mpigo. Hata ukiangukia kile cha chini kabisa, 300 kwa mwezi, ni 3,600. Azitoe aliyeachishwa kazi juzi!

Tuseme nimezipata, nikalipa Mei. Julai nikirudi kazini nakatwa tena 2.75 kwenye mshahara, na ule mwaka niliolipia ndio kwanza una miezi miwili. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipa kidogo kidogo, najua, lakini huo ni mkopo, na deni la miezi 12 kwa pengo la miezi miwili silielewi.

Ombi langu kwa wanaotunga kanuni ni hili: mtu wa msimu akubaliwe kukatwa zaidi kidogo Desemba hadi Machi, hoteli zikiwa zimejaa na bahashishi zipo, ili ziada hiyo imvushe Mei na Juni. Hesabu hiyo mhasibu wa hoteli aimaliza kabla chai haijapoa. Nao waajiri, kwenye barua ile ya sare na ufunguo, waongeze mstari mmoja: bima yako mwisho ni tarehe fulani.

Mhudumu wa hoteli,
Malindi